Kigoda cha Jikoni Kwangu

Kigoda kilikuwa changu. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye kuna mtu alisimama mlangoni akaniambia ni mali ya kampuni, na mpaka leo nikikumbuka kichwa kinapata moto. Nilikinunua soko la Gikomba mwaka niliohamia mtaa wa Huruma, binti yangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Ni cha mbao, miguu mitatu, kifupi, cha kukalia mtu akichambua sukuma wiki. Hakikutengenezwa kwa ajili ya sanaa.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Tuliigiza tamthilia ambazo wanafunzi wa sekondari husoma kwa ajili ya mtihani. Shule inatuita, tunafika na gunia la mavazi, tunacheza katika ukumbi wa kulia chakula, na wanafunzi wanayaona kwa macho yale waliyokuwa wakiyasoma kwa kusinzia. Ni kazi ya heshima na sijawahi kuionea haya. Mazoezi tulifanyia mtaa wa Jericho, katika ukumbi wa zamani wa jamii wenye madirisha ya juu na sakafu ya saruji iliyong'arishwa na miguu ya watu wa zamani waliokuwa wakija kucheza dansi. Mchana tulilipisha darasa la karate. Kwa hiyo kila asubuhi tulipandisha ukutani bango la kampuni lililoandikwa UBUNIFU, ARI, FAMILIA, na kila mchana tukaliteremsha, tukalikunja, tukalisukuma nyuma ya mlango wa choo.

Mwenye kampuni alitaka aitwe Mkurugenzi. Ujanani alikuwa mwigizaji mzuri, hilo simnyimi. Alikuwa na sauti ya kufika ukuta wa nyuma bila kipaza sauti. Shida ilianza alipojipa uongozi, maana tangu hapo hakuwahi tena kukariri maneno yake. Katika tamthilia ya mwaka ule alicheza chifu, na chifu wake kila akiingia jukwaani alikuwa na gazeti mkononi, hata mazishini, hata akimkaripia mkewe. Kitabuni hakuna gazeti. Ndani ya gazeti ndimo alimobandika maneno yake. Kuna mwalimu mmoja alitupongeza baada ya onyesho, akasema ile ishara ya gazeti imemgusa sana, kwamba inaonyesha jinsi viongozi wanavyojificha nyuma ya habari. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa unyenyekevu akasema tulilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu.

Neno lake kubwa lilikuwa "tutajipanga." Ukimwambia kofia ya polisi ni moja na polisi ni wawili, tutajipanga. Ukimwambia shule ya kesho iko mbali na gari halina breki za kuaminika, tutajipanga. Lilikuwa ni neno la kufunga mazungumzo, na baada yake hakuna aliyejipanga, isipokuwa sisi wenyewe, kila mtu kivyake, dakika ya mwisho, nyuma ya pazia. Polisi wa kwanza akitoka jukwaani alimrushia mwenzake kofia hewani, na mwenzake aliingia akiwa bado anaivuta masikioni.

Mabadiliko yalikuja kwenye simu, katika kundi letu la watsapu. "Timu, kesho kuna mabadiliko kidogo." Nilijifunza kuliogopa lile "kidogo." Siku moja mabadiliko kidogo yalikuwa kwamba shemeji yake, dada wa mkewe, ndiye sasa meneja wa uzalishaji. Alikuwa dada mpole aliyependa viatu vizuri. Hakujua tunazalisha nini, na hakuna aliyemweleza, kwa sababu shule zikipiga simu Mkurugenzi alizipokea mwenyewe, akaziahidi tarehe, kisha akasahau kumwambia meneja wake. Lakini mfanyakazi bora alitangazwa kila mwisho wa mwezi, na mara nyingi alikuwa ni yeye. Sisi tulipiga makofi. Unajua yale makofi ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Tuliigiza kitabu hicho cha chifu msimu mzima. Mimi nilikuwa mama wa mhusika mkuu. Mtoto wangu jukwaani alikuwa jamaa mmoja kutoka Huruma pia, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye vilevile ndiye aliyekuwa dereva wetu. Alikuwa na kipaji na mdomo. Kila asubuhi aliniamkia kama mama yake kweli, "Niaje mathe," na alipotoka jukwaani baada ya mimi kumlilia alininong'oneza, "Leo umenimaliza." Bila yeye ningeondoka mapema zaidi.

Nilibaki kwa sababu ya onyesho moja. Karibu na mwisho wa mchezo, watu wanakuja kumwondoa yule mama katika nyumba yake. Mwanawe amekamatwa, majirani wamekwisha hama, chifu amesaini. Wote wanaongea kwa wakati mmoja, wanamsihi, wanamtisha. Yeye anatoa kigoda ndani, anakiweka katikati ya ua, anakaa. Hasemi kitu mpaka wote wanyamaze. Ndipo anaanza kusema, na maneno yake ni ukurasa mzima.

Kwenye mazoezi ya mwanzo nilikaa juu ya kiti cha plastiki cha ukumbi. Kilikuwa kirefu, kikanifanya nionekane mgeni aliyekuja kwenye harusi. Nikamwambia Mkurugenzi tunahitaji kigoda. Akasema tutajipanga. Wiki ilipita, nikabeba changu kutoka nyumbani kwa siku moja tu, nikisubiri ajipange. Hicho kigoda hakikurudi nyumbani msimu mzima. Kililala ndani ya gari pamoja na gunia la mavazi, na binti yangu jikoni akawa anakalia ndoo iliyogeuzwa akifanya kazi za shule. Alilalamika mara moja tu. Nikamwambia nitakirudisha, akasema sawa.

Sasa niseme juu ya ule ukimya. Wanafunzi ni watu wa kelele. Wanacheka busu, wanacheka mtu akifa, wanacheka kofia ya polisi. Lakini nilipokaa juu ya kile kigoda nikanyamaza, polepole ukumbi nao ulinyamaza, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia wapishi wakisugua masufuria kwa upande wa pili wa ukuta. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Maisha yangu yana mambo machache ninayoyafanya vizuri kupita watu wengine, na hilo lilikuwa mojawapo. Nililijua, na nililipenda, na sioni sababu ya kujifanya mnyonge.

Binti yangu hakuwa amewahi kuniona nikiigiza. Yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya wasichana, huku huku Eastlands. Ni mtoto asiyesema mengi. Shuleni hakuwaambia watu kazi yangu, na mimi sikumuuliza sababu, maana umri ule mama yako akiwa misimu mingine anavaa ndevu za bandia mbele ya watu si habari ya kutangaza. Kisha siku moja niliona jina la shule yao kwenye ratiba. Nilifika nyumbani nikamwambia kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Alikuwa anakosha vyombo. Hakugeuka.

"Utavaa leso gani?" akauliza.

"Ile ya zambarau."

"Sawa. Ile iko poa."

Baada ya siku kadhaa aliniambia amemwambia msichana wanayekaa naye dawati moja. Kwamba yule mama wa kwenye tamthilia, watakapokuja, ni mamake. Alilisema akiwa amenipa mgongo, akitafuta kitu kabatini ambacho nadhani hakikuwepo. Usiku ule nililala nikiwa na furaha ya kipumbavu.

Nilimwendea Mkurugenzi. Sikuwa mtu wa kuomba vitu, na nadhani hilo lilimshangaza. Nikamwambia binti yangu yuko shule ile, ningependa siku hiyo mchezo uende mzima, na onyesho langu lisiguswe. Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Siku za karibuni Mkurugenzi alikuwa ameanzisha hotuba. Mchezo ukiisha alishika kipaza sauti akawaeleza wanafunzi namna ya kulijua kusudi lao, alivyoanza bila kitu, alivyolala njaa, na alivyojiamini. Mwanzoni ilikuwa fupi. Kila wiki ilikua, na kila ilipokua mchezo ulipunguzwa ili nafasi itoshe. Alikata hapa mstari, pale mazungumzo, kule akamwua mhusika mapema kuliko mwandishi alivyokusudia.

"Mama," aliniambia, akaniwekea mkono begani, "hiyo siku ni yako. Sisi ni familia."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilifika ukumbini nimekwisha piga pasi leso. Jamaa wa Huruma, ambaye kama dereva aliambiwa kabla yetu, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, hajapakia kitu, na hakuniambia niaje.

"Mathe, ingia ujionee," alisema. "Tumegawanywa."

Ndani, Mkurugenzi alitusimamisha duara, tushikane mikono, kama kila asubuhi. Alituombea, akatueleza maono, kisha akatuambia kuna mabadiliko kidogo. Asubuhi hiyohiyo kulikuwa na shule nyingine, upande wa barabara ya Kangundo, aliyoiahidi yeye mwenyewe kwa simu na kuisahau. Asubuhi ile walikuwa wamepiga kuuliza tumefika wapi. Kukataa hakuna. Kwa hiyo tutakuwa timu mbili. Hao wanaenda huku, hawa kule. Meneja wa uzalishaji naye ndiyo kwanza alikuwa anasikia, kama sisi, niliona jinsi alivyoangalia viatu vyake.

"Na watu wa kucheza?" mtu akauliza. "Hatutoshi hata tukiwa pamoja."

"Kila mtu atabeba sehemu mbili tatu. Huo ndio ubunifu. Tutajipanga."

Mimi alinibakisha shule ya binti yangu, nikamshukuru moyoni, mjinga mimi. Mwanangu wa jukwaani akaenda Kangundo kwa sababu ndiye dereva, na gari likaenda naye, na kofia ya polisi pia ikaenda naye. Kigoda nilikiwahi mlangoni kabla gari halijaondoka. Sisi tuliobaki tulibeba vitu vyetu mikononi, tukatembea. Mkurugenzi alitangulia mbele na gazeti lake, meneja nyuma akiogopa matope.

Shuleni tulichelewa. Wanafunzi walikuwa wamekaa kitambo, wameshamaliza nyimbo zao zote na sasa walikuwa wanapiga meza. Nilimtafuta binti yangu nikamwona safu ya tatu, nywele amezisuka upya, msichana mwenye miwani pembeni yake. Huyo atakuwa yule wa dawati, nikawaza. Hakunipungia mkono, na mimi sikumpungia.

Sitaki kusimulia onyesho lote. Meneja wa uzalishaji alicheza mwanangu, kijana mwanamapinduzi, akisoma maneno kutoka kwenye simu, na simu ilikuwa inazima taa kila baada ya muda, akawa anasimama katikati ya hasira kuipapasa. Simlaumu. Alitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna mtu aliyemfundisha hata aangalie wapi. Mimi nilikuwa mama, nikatoka, nikaingia kama jirani kikongwe, nikatoka, nikaingia kama polisi anayekuja kumkamata mwanangu mwenyewe. Kofia niliazima kwa bawabu wa lango, ilikuwa na jina la kampuni ya ulinzi mbele. Leso ya zambarau ilichungulia chini ya koti. Nilipomshika meneja mkono nikisema "uko chini ya ulinzi," ukumbi uliangua kicheko kilichodumu mpaka nikakosa la kufanya. Wasichana walilaliana mabegani. Yule mwenye miwani alicheka akafunika mdomo, kisha akamwangalia binti yangu, akaacha kucheka. Binti yangu alikuwa anaangalia meza.

Nilijiambia, ngoja. Kigoda bado.

Nilivua kofia na koti nyuma ya pazia, nikajifunga leso vizuri, nikavuta pumzi. Nilikitoa kigoda nikakiweka katikati. Waliobaki jukwaani walinizunguka, wakaongea kwa wakati mmoja, wakanisihi, wakanitisha. Walikuwa wachache lakini walijitahidi. Nikakaa. Wasichana bado walikuwa wakicheka mabaki ya kile kicheko. Nikasubiri. Mbele wakatulia, katikati wakatulia. Nikasikia kijiko kikianguka jikoni. Niliinua uso nikamwona binti yangu ameinua wake, ananiangalia moja kwa moja. Nikafungua mdomo.

"Makofi kwa mama yetu!" ilisema sauti nyuma yangu, kwa kipaza sauti.

Mkurugenzi alikuwa ameangalia saa. Chakula cha mchana kilikuwa karibu, muda uliobaki haukutosha vyote viwili, na kati ya mimi na hotuba alichagua hotuba. Aliweka gazeti chini akapita mbele yangu. Makofi yalipigwa, machache, ya watu wasiojua wanapigia nini. Akaanza kuwaambia juu ya kusudi.

Mimi nilikuwa bado nimekaa. Nilitaka kuinuka, lakini nikiinuka nimekubali kwamba imeisha, na nikikaa nimekuwa pambo. Kwa hiyo nilikaa, mgongo wake mbele yangu, muda wote alioeleza alivyolala njaa. Mahali fulani aligeuka, akaninyooshea mkono, akawaambia wasichana, "Mwoneni huyu mama. Huyu ni mfano wa uvumilivu." Niliona aibu iliyonifika miguuni. Nilimchukia mtu yule, nalisema bila kupunguza, nikajichukia mimi zaidi kwa sababu niliwatabasamia watoto wa watu.

Kengele ya chakula ilimkatiza kabla hajafika mwisho wa hotuba yake. Hapo angalau tulikuwa sawa.

Mchana timu ya Kangundo ilirudi Jericho. Jamaa wa Huruma alikuja akaketi karibu nami juu ya gunia.

"Kule tulikuwa bila mathe," aliniambia. "Ikabidi turuke ile ya kigoda. Niliwaambia mamangu ameenda kwa ndugu yake."

"Ukawaambia hivyo?"

"Ningesema nini? Ilikuwa noma." Alinitazama. "Na huko kwenu? Msichana alionaje?"

Nilimweleza. Hakufanya mzaha, na kwake hilo halikuwa jambo la kawaida. Alisema tu, "Pole, mathe," akaenda kuliteremsha lile bango, kwa sababu watu wa karate walikuwa wamefika.

Jioni nilipanda ngazi za nyumba yetu na mtungi wa maji mkononi, nikisimama kila ghorofa. Binti yangu alikuwa amefika. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, ameanza kukata vitunguu. Nilimsaidia. Jirani alikuwa amewasha redio, mtu mwingine alikuwa anagombana na mtoto juu ya sare. Niliwasha jiko nikaweka sufuria. Nilikuwa nimechoka mpaka mikono ilikuwa haisikii moto.

"Mum," alisema baadaye. "Ile ya kigoda, mbona hukusema?"

"Muda uliisha."

"Hukuisema hata kidogo."

"Niliona, mama," nikamjibu. "Nilikuwepo."

Alikata kitunguu kingine. "Sisi tuliisoma darasani. Mwalimu alinipa mimi hiyo sehemu. Nilikuwa nataka kusikia unaisemaje."

Nilimwambia nimechoka, nitamwonyesha siku nyingine. Wala sikumdanganya, nilikuwa nimechoka kweli. Alisema sawa. Alilisema kwa upole, kama alivyosema sawa siku ile juu ya kigoda, na nikajua kwamba hatauliza tena, na kwamba sawa zake zote za maisha alizipata kwangu. Nikapunguza moto.

"Haya, toka kwenye ndoo," nikamwambia.

Aliinuka. Niliisogeza ndoo, nikakaa juu yake nikielekea mlango. Jiko letu ni kona tu nyuma ya pazia, magoti yangu yaligusa mtungi wa gesi. Nilinyamaza kwanza, maana ndivyo inavyofanywa. Redio ya jirani haikunyamaza. Nikasema. Sikuinua sauti, lakini sikuruka pumzi hata moja, nikaupitia ukurasa mzima, nyumba, mume aliyeijenga, mwana aliyekamatwa, mvua zilizonyesha juu ya bati lile. Binti yangu alisimama na kisu na nusu ya kitunguu. Nilipomaliza hakupiga makofi. Macho yake yalikuwa na maji, lakini vitunguu vilikuwa pale, siwezi kudai.

"Ni poa sana," alisema. Kisha, "Lakini umeruka."

"Nimeruka nini? Hiyo nimeisema msimu mzima."

Alijipangusa mkono, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kitabu. Alikuwa amekipigia mistari kwa penseli. Akanionyesha kwa kidole, akasoma.

"Sijakaa hapa kwa kukosa pa kwenda. Nimekaa kwa sababu nimechoka kuondolewa."

Nilichukua kitabu nikasoma mwenyewe. Maneno hayo yalikuwapo, katikati ya ukurasa. Ndipo nikakumbuka wiki ya kwanza ya mazoezi, Mkurugenzi akipitisha kalamu juu ya karatasi yangu, akisema huu mstari unarudia tu mengine, tuokoe muda. Siku ile nilimbishia. Siku ya pili sikumbishia. Ya tatu nikasahau kwamba uliwahi kuwapo, nikausema ukurasa ule mbele ya shule zote zile nikiamini nausema mzima. Aliniondolea maneno kinywani na mimi nikafunga kinywa juu ya pengo, nikaendelea.

"Mwalimu alisema hapo ndio swali la mtihani hutoka," binti yangu aliniambia, kama wa kunifariji.

Nikaanza tena tangu mwanzo, na ule mstari ndani yake. Ugali ulichelewa.

Jumatatu tulishikana mikono kwenye duara. Mkurugenzi alitushukuru kwa Ijumaa. Alisema ilikuwa ni siku ya kihistoria, shule mbili kwa asubuhi moja, jambo ambalo wakubwa wa sanaa nchini hawajathubutu kulifanya. Kwa sababu hiyo ameamua kwamba tangu sasa huo ndio utakuwa mtindo wetu. Timu mbili kila siku. Meneja wa uzalishaji ataendelea na sehemu ya kijana, ana kipaji. Meneja alionekana kama mtu aliyesomewa hukumu.

Duara lilipovunjika nilimfuata. Nikamwambia nitacheza popote atakaponipeleka, hata sehemu nne, hata na ndevu. Lakini onyesho la kigoda liwe zima kila siku, na ule mstari urudi. Alikunja uso, akauliza mstari gani. Nikamwambia. Hakuukumbuka.

"Mama, hayo ni mambo madogo," alisema, na simu yake ilikuwa imekwisha lia. "Tutajipanga."

Nje, gari lilikuwa limefunguliwa mlango wa nyuma. Nilipanda, nikakitoa kigoda chini ya gunia la mavazi, nikakipangusa vumbi. Meneja alikuwa mlangoni na orodha yake mpya ya vifaa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba, samahani, hicho ni cha kampuni. Nikamwambia amuulize Mkurugenzi kilitoka wapi. Hakuuliza. Nadhani siku ile hata yeye alitamani kuwa na kitu cha kuchukua aondoke nacho.

"Mathe, unaenda wapi na hiyo?" jamaa wa Huruma aliniuliza kutoka kwenye usukani.

"Nyumbani."

Alicheka, kisha akaona sitanii. Alizima injini. "Na sisi?"

Nilimwambia sijui, na kwamba kazi nyingine sina. Alishuka akanishika mkono kwa mikono miwili. Kisha Mkurugenzi akaita kutoka ndani kwamba tumechelewa, na jamaa akarudi garini.

Nilitembea. Kutoka Jericho mpaka Huruma si mbali kwa mtu asiyebeba kitu, lakini kigoda kina namna yake ya kugonga goti. Eastleigh barabara zilikuwa zimejaa, mikokoteni ya mabunda ya vitambaa, akina mama na mifuko. Mzee mmoja mwenye duka la mapazia aliniuliza kama nauza. Nikamwambia siuzi. Akasema basi kaa, mama, unaonekana umechoka. Nikakiweka kivulini mbele ya duka lake, nikakaa. Watu walipita wakinizunguka, wengine wakikasirika kwa kuwa nimewazibia njia. Mmoja aliniambia nisogee. Sikusogea mpaka miguu ilipopoa.

Binti yangu alirudi kutoka shuleni jioni akakuta kigoda jikoni. Aliangalia kigoda, akaniangalia mimi niliyekuwa nyumbani mapema siku ya kazi, na nikaona ameelewa. Hakuuliza tutakula nini mwezi ujao, ingawa ni mtoto mwenye akili na lazima aliwaza. Aliirudisha ndoo chooni mahali pake. Kisha akakikalia kigoda, akafungua daftari juu ya magoti, akaniambia nimwashie taa.